Paipu Mbili za Juu

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi ya kuingia kwa mifupa, na upepo wa vumbi. Jua sijaliona tangu juzi.

Mtoto wangu Mwende amelala. Nimeketi mlangoni na simu. Nguo ziko kwa beseni na sijazifua, kwa sababu leo kila nikishika maji mkono unasita.

Wacha niandike yote vile yalivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Ukitoka Kitengela ukielekea Kajiado, kabla hujafika kwetu, kuna yadi ya makaa ya mawe. Malori yanamwaga hapo, viwanda vinakuja kuchukua. Mvua ikinyesha, ile milima nyeusi inatoa jasho. Maji yanachuruzika chini yake, saa zingine meusi, saa zingine rangi ya kutu, na mbuzi wakiyanywa wanahara. Zamani yalikuwa yanaenda tu kwa korongo. Watu wakalalamika mpaka kaunti ikakataza. Ndio wenye yadi wakasema watayasukuma chini kabisa ardhini, huko ambako maji ni ya chumvi na hakuna mtu anayataka. Walisema ni kama kuyazika.

Walikuwa wanatafuta shimo refu. Sisi tulikuwa na moja.

Chama chetu cha wamama kilichimba hilo shimo kabla Mwende azaliwe. Mashine iliteremka mpaka tukachoka kungoja, na kilichotoka ni chumvi tupu, hata ng'ombe waligeuza kichwa. Tukalia siku hiyo. Halafu tukachimba lingine hapo karibu, fupi, na Mungu akatupa maji matamu. Ndiyo haya tunakunywa mpaka leo. Lakini hatukuwa na paipu za kushikilia kuta za hicho kisima cha pili, kwa hivyo mafundi wakavuta zile za shimo la kwanza, moja moja, mpaka zikaisha. Shimo likabaki udongo na mawe tu, halina kitu cha kuzuia maji yasitoke pembeni.

Na mimi, na tumbo yangu kubwa, nikauliza, mtoto akitumbukia je? Nikawasumbua mpaka wakarudisha paipu mbili pale juu, na kifuniko. Mama Hodan, yule wa duka, ndiye mwenyekiti wetu. Alinicheka sana, akaniita dada kwa Kisomali chake. "Abaayo, wewe hujazaa bado na ushaanza kulinda watoto wa location nzima."

Kwa hivyo ukifungua kifuniko unaona paipu safi. Unafikiri inaenda mpaka chini.

Hizo paipu mbili ni mimi.

Siku ya baraza la kupeana hilo shimo kwa yadi, injinia wao alifungua kifuniko mbele yetu. Akateremsha kamba yenye chuma mpaka ikagusa chini, akaangalia karatasi ya wale waliochimba, akatingisha kichwa kwamba iko sawa. Karatasi inasema shimo lina paipu mpaka mwisho. Na siku ilipoandikwa, ilikuwa kweli.

Nilikuwa nimesimama hapo, Mwende mgongoni. Mama Hodan alikuwa ameenda Garissa kwa mazishi ya mjomba wake. Wale wengine walioona paipu zikivutwa, wengi wamehama. Nilifungua mdomo, kusema kweli niliufungua. Halafu nikamwona Baba Mwende upande ule wa watu wa yadi, na gambuti mpya. Alikuwa amepata kazi ya kupakia makaa juzi tu, baada ya kukaa nyumbani mpaka akaacha kuongea. Siku hiyo alikuwa anacheka na wenzake.

Nikafunga mdomo.

Nilijiambia injinia amesoma, lazima anajua. Mimi niliachia darasa la saba. Nikaandika jina langu kwa ile karatasi ya waliohudhuria, nikapewa soda, na Mwende akanywa nusu.

Pampu ilianza wiki jana, inasukuma maji waliyokusanya mvua iliyopita. Inanguruma mchana kutwa, hata sasa naisikia. Kila ikinguruma najua maji yale hayafiki yote kule kwenye chumvi. Yanapita shimo tupu, yanatafuta nafasi, na kisima chetu kiko hapo karibu, unaweza kurusha jiwe.

Leo asubuhi nikasema imetosha. Nikaenda yadi. Injinia hakunifukuza, aliongea na mimi vizuri, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Nikamweleza. Akatoa simu, akanionyesha ile karatasi.

"Mama, hapa imeandikwa paipu mpaka chini. Wewe uko na karatasi gani?"

Nikamwambia sina karatasi, niko na macho, nilikuwepo.

Akatafuta tena kwa simu. "Na kwa baraza pia ulikuwepo. Si hili ndilo jina lako? Mbona hukusema?"

Ningemwambia nini, gambuti?

Nikarudi kwa Mama Hodan nikamwambia kila kitu, hata ile ya kunyamaza. Nilifikiri atanigombeza. Alikunja tu leso yake, kisha akasema, "Walaahi, ningekuwepo ningepiga kelele mpaka Mashuuru wasikie." Halafu akanishika mkono. Alhamisi tutaenda wote wawili ofisi ya maji Kajiado, tuseme kile tulichoona. Amesema tusitegemee sana. Hata wakituamini, hata wakizima hiyo pampu, kilichoingia huko chini hakivutwi moja moja kama paipu.

Baba Mwende bado hajui. Atajua jioni. Nitamwambia kabla hajavua viatu, kwa sababu akishavua na kumbeba mtoto, najua sitaweza.

Nilitaka tu mtoto wa mtu asianguke kwa hilo shimo.

Asubuhi nilichota kama kawaida. Niliweka maji kwa glasi nikayainua kwa mwanga wa dirisha. Ni safi, yanang'aa. Nikaonja, nikaonja tena. Sikuhisi kitu, ama labda nilihisi kitu kidogo. Sijui tena ulimi wangu unasema ukweli ama unaniogopa. Huku kwetu lori la maji haliji, na mvua ni mpaka mwezi wa kumi. Nitakuwa naonja hivi kila siku mpaka lini?

Mwende ameamka. Anaitisha maji.

Nitaonja mimi kwanza, halafu nitampa, kwa sababu hakuna mengine.