Waya wa Zaina

Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi alasiri na Kindu nzima ni matope. Sina raha hata kidogo.

Asubuhi nilikutana na timu yangu ya roboti, wanafunzi wa shule ninayofundisha fizikia. Mashindano yajayo bado yako mbali, kwa hiyo tulikuwa tunachagua tujifunze nini katika miezi hii mitupu. Mmoja alitaja kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyushwa, mwingine kuandika programu. Nikaandika yote ubaoni. Kisha akasimama Zaina, kapiteni wetu.

"Madamu, shida yetu njo antena. Robo ilikuwa haitusikie. Tujifunze kutengeneza foni."

Alisema kweli, nikaliandika na neno lake. Mara ya mwisho roboti yetu ilisimama katikati ya uwanja kwa sababu mawimbi hayakuifikia, na watoto walilia njia nzima.

Lakini foni!

Kwa watoto hawa ni redio tu ya kuzungumza na mtu wa mbali. Wakati wa vita, hapa mjini, neno hilo liliua watu. Ukisemwa una foni, basi unaongea na adui.

Kaka yangu Saidi hakuwa na foni. Alikuwa na redio ndogo ya kusikilizia mpira, na ili ishike vizuri akavuta waya wa shaba kutoka paani hadi kwenye mpapai. Mtu akauona, akasema. Wanajeshi walikuja mchana, tukiwa tunakula. Hata mwili wake hatukupewa.

Nikalifuta neno la Zaina ubaoni, nikasema hatuna vifaa. Akalitazama kabati la vifaa, akaketi kwa hasira. Anajua tuna vifaa.

Siku hizi vita viko tena upande wa mashariki wa Kongo, askari wamejaa mjini, na watu wameanza kutazamana vibaya. Ningemwambiaje?

Mvua ilipokata nilikwenda kwa kina Zaina kumtuliza. Kabla sijapiga hodi nikaiona antena yake: waya wa shaba, kutoka paani hadi kwenye jiko la nje. Jirani alikuwa amesimama uani kwake, shingo juu.

"Mama, ile iko nini?"

"Njo kamba ya nguo," nikamjibu. Nikavua mtandio wangu, nikauanika pale.

Aliutazama kidogo, akaingia ndani. Kama ameamini, sijui.

Zaina alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilimwambia Jumatatu neno lake litarudi ubaoni, ila antena tutajifunzia ndani ya darasa, na kabla hawajagusa waya nitawasimulia habari za Saidi. Huu wa nyumbani asiushushe leo. Ukishuka sasa hivi, jirani atajua.

Na kamba ya nguo haikai bila nguo. Nimeuacha mtandio pale, nimerudi nyumbani kichwa wazi.