Barua Iliyokuja kwa J. Mwangi

Wajina,

Leo asubuhi nimempiga katekista ngumi ya mdomo mbele ya kanisa, watu wakitoka misa. Alikuwa anawaambia kina mama ati wewe uliuawa na hasira zako mwenyewe. Sikumngoja amalize. Alianguka kwenye maua ya padri, akatema damu, na mimi nikasimama pale nikiomba ainuke nimwongeze. Hakuinuka. Kumbe ana akili kuliko nilivyodhani.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya bwenini, ili mama akiiokota karatasi hii asiielewe yote. Wiki sita sasa uko chini ya udongo, na bado nikiona jambo la kuchekesha nageuka kukutafuta. Juzi mbuzi wa padri alikula kitabu cha hesabu cha parokia, nikacheka peke yangu barabarani, halafu nikakaa chini kwenye nyasi nikalia.

Babu alituachia jina moja, na kwetu hakuna wa kulikwepa: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu yake mzaa baba. Baba yangu Karanja akapata Mwangi, mdogo wake Ndirangu, baba yako, akapata Mwangi, mwaka huo huo. Padri naye akakubatiza Joseph na mimi John, na sanduku la posta likawa moja, lile la parokia. Hapa Tetu nani aliona shida? Mwangi wa Ndirangu, Mwangi wa Karanja, basi, yamekwisha. Lakini watu wa Amerika hawamjui Ndirangu wala Karanja. Waliandika J. Mwangi.

Chuo chetu kilikuwa cha miaka miwili tu. Aliyetaka digrii ilibidi ahamie chuo kikuu mahali pengine amalizie huko, na sisi tuliomba ufadhili pamoja, kwenye meza moja, tukipokezana kalamu yako ya wino. Wewe ulikuwa katika Chama cha Heshima, wale wenye alama za juu wanaovaa utepe wa kijani kifuani. Mimi walinikataa mara mbili. Ulikuwa ukifika mlango wa bweni unautoa utepe na kuutia mfukoni nisiuone. Nilikuwa nauona, wajina. Na nilikuchukia kidogo kwa wema wako huo. Leo nakwambia.

Barua ilipokuja, baba ndiye aliyeichukua parokiani, na katekista akamsomea kwa Kikuyu. Mtoto amepata kila kitu, masomo na malazi, anahamia Septemba. Baba alipanda mlima akipiga kelele kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nilipofika nyumbani Ijumaa nikaisoma mwenyewe. Mstari wa pili ulisema wanampa nafasi kwa kuwa ni mwanachama wa Chama cha Heshima. Katekista aliuruka mstari huo au hakuuelewa, sijui. Mimi niliuelewa mara moja. Lakini baba alikuwa amenikumbatia, yeye ambaye maisha yangu yote mikono yake niliijua kwa makofi tu, na alikuwa analia. Nikasema moyoni nitamwambia kesho. Kesho zikawa wiki mbili.

Mikono hiyo unaijua. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni, baba yangu alishika bunduki ya serikali, baba yako akaingia msituni, na mikono hiyo ndiyo iliyotia moto nyumba ya mama yako mkiwa mmesimama nje kwenye baridi. Baba yako hakurudi. Mashamba yalipopimwa, kipande chenu kikaandikwa jina la baba yangu. Sisi tulikua na hayo yote katikati yetu. Tukiwa wadogo tulipigana kwa ajili yake pale mtoni, ukaniuma sikio hadi leo liko na alama, halafu tukavua nguo tukaogelea.

Ile Jumapili ya sherehe ya kuniaga uliikuta imeiva. Mbuzi amechinjwa, nyama iko kwenye majani ya ndizi, kina mama wanaimba, suti yangu mpya imetundikwa ukutani kila mtu aiguse. Ulikuja mbio kutoka barabarani, umejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkuu wa chuo alikuwa amekuuliza kwa nini hujajibu barua, akakupa nakala yake, na ndiyo uliyokuwa nayo mkononi. Ukasimama mbele ya baba yangu. "Kwanza shamba, baba mkubwa, na sasa barua! Utatuachia nini sisi?"

Hapo ndipo ningesema neno moja tu. Baba alinitazama mimi kwanza, wajina, kabla ya kukutazama wewe. Alitaka nimwambie si kweli. Nikaangalia chini.

Baba akaokota rungu. Mtu mwingine angekimbia, lakini wewe na kukimbia wapi na wapi. Ulimsukuma kifua, akaanguka chali kwenye nyama mbele ya wageni wake, na ukamwendea tena. Nikakukamata kwa nyuma, mikono yote miwili. Naapa kwa mama nilitaka kuwaachanisha. Ukasema, "Niachilie, wajina, hii ni maneno yangu na yeye." Rungu lilikuja mara moja juu ya sikio. Nilisikia mshtuko wake kifuani mwangu kupitia mgongo wako. Miguu yako ikalegea. Na la pili likaja nikiwa bado nimekushika, maana mikono yangu ilikataa kufunguka. Hilo la pili ndilo linalonila.

Ndani ya pikapu ya kahawa kichwa chako kilikuwa magotini pangu. Ulifungua macho ukasema, "Ulijua." Nikasema sikujua. Nilimdanganya mtu anayekufa. Ulinitazama hadi tukavuka daraja, kisha ukaacha kunitazama. Hukufika hospitali ya Nyeri.

Nilijua, wajina. Nilijua siku ya kwanza.

Sasa sikia ya huku. Siku tuliyokuzika vijana wa rika letu waliingia zizini kwetu wakakata ng'ombe kano za miguu ya nyuma. Ng'ombe walilia hadi mama akaomba jirani aje awamalize. Kahawa ya baba imeng'olewa, imetupwa barabarani mizizi juu. Mama yako nilimpelekea mzigo wa kuni. Alizitupa nje mmoja mmoja, na ule wa mwisho akanirushia ukanipasua hapa juu ya jicho. Nilishukuru. Ni yeye peke yake aliyenipa haki yangu.

Baba yuko rumande. Wazee walikaa siku ile ile uliyokufa wakakubaliana: ulikuja na panga. Lile panga la mbuzi, lililokuwa kando ya nyama, ndilo lililohamia mkononi mwako. Katekista ndiye aliyekuwa wa kwanza kuapa. Mimi polisi waliponiuliza nilisema vumbi lilikuwa jingi. Vumbi! Kwenye nyasi!

Halafu mkuu wa chuo akaniita. Ati wale wa Amerika wamesikitika sana, na kwa kuwa muda ni mfupi, nafasi yako wanampa aliyekufuata kwa alama katika walioomba. Ni mimi. Ndege ni Jumamosi hii. Kesi ni Jumatatu inayofuata. Nilipomtembelea baba rumande alinishika kola kupitia vyuma akaniambia taratibu, "Wewe enda usome. Mtu akiwa ng'ambo hawezi kuitwa kortini." Amezeeka, wajina, meno mawili hayapo, sijui nani ameyang'oa. Nilimhurumia. Mama naye haongei juu yako hata kidogo. Alisema mara moja tu: "Wakimnyonga, utakuja kula kwa nani?"

Sitakudanganya tena. Niliivaa ile suti. Ilinikaa vizuri. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikajiona niko kwenye ngazi za chuo kikuu, nimebeba vitabu, hakuna mtu anayejua Tetu iko wapi. Nilikaa nayo saa nzima. Kisha nikaitoa nikaikatakata kwa jembe nyuma ya choo, nikipiga na kupiga mpaka nikajikata mguu.

Jana nimetia barua posta. Nimewaandikia kwamba nafasi siichukui, kwamba J. Mwangi wao ndiye aliyekufa, kwamba mimi ni yule mwingine, na kwamba wamtafute mtu mwenye utepe.

Jumatatu ya kesi nitaapishwa. Wakiniuliza ulikuwa na nini mkononi, nitasema karatasi. Wakiniuliza nani alipiga, nitasema baba yangu, na mara ngapi. Hawataniuliza nani alikushika, kwa maana wote waliokuwa pale wamelificha hilo kwa ajili yangu. Hilo nitalisema mwenyewe, la kwanza kabisa, baba akinitazama. Wakinifunga, wanifunge. Hiyo ni ahadi, na safari hii haingoji kesho.

Lala, Mwangi wa Ndirangu. Ulikuwa bora kuliko mimi na nilikuwa najua.

Mama yuko jikoni, anakaanga unga wa uji wa kunifungia safarini. Naenda kumwambia sisafiri.

Mimi,
Mwangi wa Karanja