Bakuli la Maji Nyuma ya Gari

Mama Elvan,

Nimekwenda mjini Sivas kwa basi. Supu ya dengu nimekubakizia. Tia makaa jikoni kabla moto haujazimika. Gari liache hapo hapo kwenye banda la kuku la jirani Hikmet mpaka fundi aje. Jogoo mzima, anayewika ni Hikmet. Nimeona umekwenda kumtuliza, ahsante.

Lakini asubuhi umeniumbua! Eti mbele ya majirani: "Baba Elvan, miaka thelathini unaendesha, barafu hujaijua tu?" Wakaangua kicheko. Meno yalikuwa yakigongana kwa baridi, ndiyo maana jibu naliandika.

Sasa nijibu. Nilipoondoka, nani alimwaga bakuli la maji nyuma ya gari ili niende na kurudi salama? Desturi naijua, hata marehemu mama alikuwa akimwaga. Lakini kwenye baridi hii, mke wangu? Nilifika kona nikakumbuka miwani, nikarudi kinyumenyume, na maji yako yalishakuwa kioo cha barafu. Nikakupita mlangoni umeshika bakuli, tukatazamana, nikaingia kwa kuku.

~~Nikirudi sitaki kusemeshwa.~~ Nikirudi nipikie wali wa ngano ya bulguri.

Dua yako inajibiwa upesi mno: uliomba nirudi, nikarudi hata dakika mbili hazijaisha.

Na lile bakuli jingine ulilolijaza na kulificha nyuma ya mlango, la kulimwagia basi, nimeliona. Nimeyanywa yote. Yatanisindikiza yakiwa tumboni.

Baba Elvan