Sari ya Jirani Aliyekimbia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe mwandiko wa haraka, naandika darasani wenzangu wakiwa nje. Tunakaa Buyenzi, na dada yangu Médiatrice anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Tulikuwa na jirani, mama Marguerite, ambaye sari yake ya kijani yenye pindo la dhahabu ilivaliwa na mabibi harusi wote wa barabara yetu, mwenyewe akiwapangia mikunjo na kuwatupia ncha begani, na vita vilipofika mlangoni kwake alinipitishia sari dirishani akasema, "Nitunzie, nitaifuata," akakimbia, na tangu siku hiyo nyumbani wote wanaamini amekufa. Sasa mama mdogo Rosette anasema kujifunga sari nzima ni mambo ya zamani, siku hizi inakatwa, juu blauzi ya kubana, chini sketi, mtandio unashonwa begani, na kwa kuwa mipaka imefungwa na maduka ya Rohero hayana sari mpya, hii inakwenda kwa fundi Radjabu wiki hiyo ya harusi. Niliposema isikatwe alicheka: "We mutoto, mutu mwenye alikufa iko na kazi gani na sari?" Lakini hakufa, mshauri. Mwanamke anayetuuzia mchele aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama Marguerite anajificha ........., kwa ........., na anauliza kama nguo yake bado ni nzima. Nikinyamaza nimemsaliti, nikisema yu hai wataniuliza yuko wapi, na mama mdogo hajui kufunga mdomo, na wanaomtafuta bado wanapita hapa. Nifanye nini?

Mwenye hofu

Mwanangu, nukta unazoziona hapo juu ni zangu. Wewe uliandika mtaa na jina la mwenye nyumba, ukaitia barua posta. Unauogopa mdomo wa mama yako mdogo, halafu unaliambia gazeti? Majina mengine nimeyabadilisha, na mtaa wenu, na rangi ya sari. Barua yenyewe nimeichoma.

Pole kwa mzigo huo, ni mkubwa kuliko umri wako. Lakini sikiliza. Kuvaliwa si kosa, mwenyewe asingemnyima dada yako. Kosa ni mkasi. Fundi aikunje sari iwe sketi, aishike kwa mishono mirefu ya mkono, ifumuliwe Jumapili bila kuacha alama. Blauzi ishonwe kwa kitambaa kingine. Mama yako mdogo atapata mtindo wake.

Nao usiwape sababu ya kweli. Leo hii, dada yako akiwepo, sema unaitaka nzima kwa ajili ya harusi yako wewe. Watakucheka mpaka jioni. Vumilia. Msichana asiyeomba kitu, siku akiomba, hupewa.

Mama wa mchele akirudi, mpimie neno moja tu: nzima. Mwambie sikioni. Usiliandike popote.