Chupa ya Asali kwa Mayu

Nsemulwa, Mpanda
2 Juni 2024

Shikamoo mayu,

Unaendeleaje? Vile vitundu vya tumboni walikokupasua vimekauka? Huku tu wazima. Bibi anakohoa kidogo, ni vumbi tu la kiangazi. Baba yuko Magamba kwenye ng'ombe, atarudi Jumamosi.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Juzi baba alipokupigia aliweka sauti kubwa, na Mama Pudensiana wa jirani alikuwa amekuja kukaa na bibi, basi mimi nikasema "shikamoo, tupo salama," nikarudisha simu. Unanijua. Shuleni wanatutaka tuongee Kiingereza tu, kwa hiyo nashinda kimya, na walimu wanadhani nina nidhamu. Mdomo wangu uko kwenye karatasi. Alois wa kwenye basi amekubali kutubebea barua.

Ile karatasi ya chakula waliyokupa hospitali, uliyomtumia baba picha yake, nimeigeuza Kiswahili. Wanasema wiki hizi za mwanzo ni vya majimaji tu, halafu vilivyopondwa hadi vikawa kama uji, halafu vilaini. Ugali na wali bado kabisa. Unywe kidogo kidogo, usigugumie, na usinywe maji pamoja na chakula. Usiongeze sukari. Ukiona umeshiba, uache, hata kama kijiko kiko njiani. Wameandika majibini ambayo hata sokoni Majengo hayauzwi, lakini maziwa mgando si yapo? Engua siagi juu. Ukifika kwenye vya kuponda, chemsha samaki, toa ngozi na miiba, ponda na mchuzi wake.

Mama Pudensiana alimuuliza bibi, "Hivi ni kweli wamempunguza tumbo kwa mkasi, kama fundi na gauni?" Bibi akasema, "Gauni likipunguzwa, mwenye gauni anabaki yule yule. Mimi sijui watanirudishia nani." Wakacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikaingia jikoni nikalia.

Mayu, ukirudi tutakula sahani moja kama zamani? Tangu uondoke bibi ananipakulia peke yangu. Sahani imekuwa kubwa.

Ni mimi mwanao,
Kabula

*

Dar es Salaam
9 Juni 2024

Marahaba mwanangu Kabula,

Barua yako nimeisoma mpaka mama yako mdogo Josefina ameniuliza kama ni ya mchumba. Kidonda kinaendelea vizuri. Sukari imeshuka, presha imeshuka, na magoti yangu yameanza kunisamehe. Mwambie bibi pole ya kikohozi.

Umenisaidia kuliko unavyojua. Yule dada wa lishe anaongea haraka kama mtangazaji wa mpira. Sasa karatasi yako nimeibandika ukutani. Nakunywa supu iliyochujwa, na maziwa mgando naengua siagi kama ulivyosema. Maziwa ya huku hayana ng'ombe ndani yake.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba sina njaa. Njaa imeondoka, hamu imebaki. Wenzangu wakisonga ugali natoka nje nikakae barazani, siyo kwa kuutaka, ila ile harufu inanipeleka nyumbani na miguu haifiki. Juzi niliota natafuna michembe, vile viazi vyetu vikavu, na karanga. Niliamka taya zimechoka.

Mengine tutaongea nikija.

Mama yako,
Mayu

*

Nsemulwa
16 Juni 2024

Shikamoo mayu,

Habari za huko, na mama mdogo hajambo? Sisi hatujambo, tumefunga shule.

Nilimsomea bibi barua yako, ile sehemu ya michembe. Aliinuka, akarudi na chupa ya asali, ile nzito ya msituni anayoificha nyuma ya kitanda chake. Akasema, "Mtumie. Mzazi dawa yake ni asali, aliyeungua ni asali, aliyepasuliwa ni asali." Nikamwambia, bibi, karatasi imekataza sukari. Akanitazama kama vile mimi ni ndama aliyepotea. "Sukari inatoka dukani. Hii imetoka kwenye mti."

Nikaona ni kweli, karatasi haikutaja asali. Nimeifunga chupa kwenye kitenge chako cha njano. Kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu, kidonda kifunge haraka urudi.

Hukunijibu ile ya sahani.

Mwanao,
Kabula

*

Nsemulwa
7 Julai 2024

Shikamoo mayu,

Sijui hata niulize vipi hali yako.

Alois amepita mara mbili mikono mitupu. Jana simu ililia, baba akatoka nayo hadi kwenye zizi, na aliporudi alisema tu, "Mama yako wamempumzisha hospitali, amewekewa maji. Kaleni." Bibi hakula. Mimi nilikula, maana nisingekula wangeniuliza.

Mayu, ni asali? Kama ni asali, ni mimi niliyeifunga. Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukinigombeza, nitafurahi kugombezwa.

Kabula

*

Dar es Salaam
14 Julai 2024

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, nimesharudi kwa mama yako mdogo, na tena nakaa barazani kama askari mstaafu. Futa machozi kwanza ndipo usome.

Ndiyo, ni asali. Lakini sikiliza. Yule dada wa lishe alishaniambia kwa mdomo wake, "Mama, hata asali usiguse." Nilijua. Chupa ilipofika niliifungua ninuse tu. Ilinuka moshi wa bibi. Nikaonja kijiko. Nikakuona wewe unakung'uta vumbi kwenye kile kitenge, nikaongeza kingine, na kingine. Moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka kama ninalima mchana, tumbo likageuka, nikatapika hadi maji yakaniisha mwilini. Josefina aliniokota sakafuni. Siku zile nilishindwa kushika kalamu, na nilipoweza niliona aibu. Wewe ulitumwa na mtu mzima. Mtu mzima mwingine ndiye aliyelamba.

Sasa nikujibu ile niliyoikwepa. Kula kama zamani hakutakuwepo. Hata nikipona kabisa nitakula kidogo sana, polepole, na wewe utamaliza sahani mimi nikiwa bado kwenye tonge la pili.

Na naogopa kurudi. Bibi atachinja mbuzi, watu watajaa, nitakataaje chakula cha mama mkwe wangu mbele ya majirani? Niliondoka mnene, nikirudi hivi wataanza, ooh ana ugonjwa, ooh mume amemtesa. Josefina ananishauri nikae huku mpaka Desemba. Nafikiri nitakaa.

Mama yako,
Mayu

*

Nsemulwa
21 Julai 2024

Shikamoo mayu,

Umenipa pumzi, asante. Sisi wazima.

Desemba hapana. Naomba nikuambie nilichofanya, na usicheke.

Jioni bibi alikuwa anachambua maharage na Mama Pudensiana, baba anakunywa chai. Nilisimama mlangoni na barua yako. Niliburuta kandambili ili wageuke. Nikasema, "Mayu anaogopa kurudi kwa sababu ya chakula chetu."

Baba akaweka kikombe. Nikaeleza yote, tumbo lake lilivyo sasa, mbuzi, majirani, hata asali. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo bila kuandika. Mama Pudensiana akasema, "Heee! Kumbe huyu mtoto ana sauti!"

Bibi alisukuma pembeni ungo wa maharage. Halafu akauliza, "Kijiko chake kikubwa kiasi gani?" Nikamletea cha chai. Akakigeuzageuza. "Basi mbuzi tutachinja, tutakula sisi. Yeye tutamchemshia samaki wake, na haya maharage tutayaponda tuchuje maganda. Atakayeuliza kwa nini hali ugali nitamjibu mimi." Kisha akamgeukia Mama Pudensiana, "Na wewe ndiye wa kwanza, kwa hiyo umeshajibiwa."

Baba amesema yeye hakuoa kilo.

Na mimi nafanya mazoezi, nakula kwa kijiko cha chai, natafuna hadi chakula kinasahau kilikuwa nini. Baba anauliza kama nakula au nasali.

Rudi mayu.

Kabula

*

Jikoni
11 Agosti 2024

Mayu,

Uko chumba cha pili, mimi niko hapa, wageni wameondoka. Samahani kwamba tulipofika nilichukua begi lako nikakimbilia ndani bila kusema kitu.

Uliponikumbatia pale kituoni, mikono yangu ilikutana mgongoni kwako. Zamani haikukutana. Nikamkumbuka yule mayu mwingine, yule mnene, na wewe ulikuwa umenishika. Nimeona vibaya. Nafurahi magoti hayaumi, naapa. Lakini ninakukumbuka, na umesharudi.

Samaki wako nimeponda na mchuzi, na maharage kidogo. Nasukuma karatasi hii chini ya mlango. Nikuletee huko?

Kabula

*

(nyuma ya karatasi ile ile)

Mwanangu,

Hata mimi namkumbuka yule. Mara nyingine nikipita mlangoni bado najikunja kumpisha.

Usiniletee huku. Weka sahani moja mkekani, natoka.

Na uje na kijiko chako.

Mayu