Mikono ya Sanamu Yako, Mama

Mama,

Sanamu yako bado ilikuwa haina mikono mpaka jana. Ilikaa palepale juu ya sanduku ulipoiacha, ndogo kama gunzi la muhindi. Umeketi, shingo umeiinamisha kama ulivyokuwa ukinisikiliza, na mikono yako ilikatikia kwenye vifundo.

Ndivyo tulivyogawana kazi. Wewe ulifinyanga mwili kwa viganja, kwa sababu ukoma ulikuwa umekula vidole vyako, mimi nikamalizia mikono. Mjomba Selemani alikuwa akitia vioo kwenye nyumba za Wazungu wa mashamba ya karanga kule Nachingwea, akituletea mabaki ya ule udongo laini wa kushikizia vioo, unaonuka mafuta. Ulinifundisha kwa maneno matupu, maana kunionyesha hukuweza: "Vidole vyote vifanye pamoja kwanza, kama jani. Kisha vipasue kwa wembe. Gumba libandike mwisho. Bila gumba mtu hashiki kitu." Nikikosea ulicheka. Sanamu ya mama mtwangaji niliipa vidole sita, ukasema, "Huyu anatwanga au anahesabu watoto wa jirani?"

Siku hizi hakuna anayenicheka.

Wazungu wameondoka, Mama. Mjomba amerudi Malolo kulima ufuta. Udongo ulibaki donge moja kwenye kopo la sigara. Nililifunga kwa kitambaa chenye mafuta, lakini lilikuwa likikauka pembeni. Lilitosha mikono miwili tu.

Kabla ya kufa uliniomba nikuwekee vidole vizima. Nami sikuwahi kuviona. Ninayoijua ni mikono uliyoificha ndani ya kanga kila mgeni alipopiga hodi. Ile iliyoungua kwenye chungu, mimi nikasikia harufu kabla wewe hujajua. Tangu siku ile nikawa nakupozea uji. Bado naupuliza, Mama. Naupuliza uji wangu peke yangu, halafu nashindwa kuunywa.

Ningeweza kukufunika kanga ya udongo, mikono isionekane. Nilianza. Nikaibandua.

Nikaenda nyumba ya pili kumwuliza mama mkubwa. Akanishika mkono, akaugeuza. "Unauliza nini, mwanangu? Mikono ya mama yako ndiyo hii. Hata hiki kidole cha mwisho kilichopinda." Kwa hiyo jana nikakaa mlangoni, udongo nimeuweka kwenye kiganja cha kushoto, nikawa naviangalia vidole vyangu huku nikipasua vyako. Wembe ukateleza. Damu ikatoka, nami sikusikia maumivu.

Kuna baka lililopauka chini ya kidole changu kile kilichopinda. Nikalichoma kwa mwiba. Nikalichoma tena.

Mama mkubwa alipita uani akaniuliza kama nimemaliza. Nikavuta kanga nikauficha mkono, upesi, kama wewe. Hilo lilinitisha kuliko baka lenyewe. Uliificha mikono yako miaka yote, na watu waliposema Mnero kuna dawa ya ukoma, ukajibu, "Nitapitaje njiani, wote wakinitazama?" Sikulaumu. Sasa najua kanga ilivyo nyepesi kuivuta.

Mikono yako nimeimaliza. Vidole virefu, vizima, gumba nimelibandika mwisho. Imelala mapajani pako, wazi. Kopo ni tupu. Sijui kama imefanana. Wa kuniambia ulikuwa wewe.

Lala, mama yangu. Kesho mjomba ananipitia, tunaondoka kwenda Mnero. Sina tumaini kubwa. Nimechoka kabla sijaanza, na nikirudi nyumba itakuwa hivi hivi, haina mtu. Lakini nakuahidi jambo moja. Nitapita njia kuu, katikati ya watu, na kanga nitaifunga kiunoni.

Mwanao,
Somoe