Kicheko Kisicho Changu

Kasulu,
Jumatatu, baada ya alasiri.

Kaka yangu Ridhiwani,

Assalaam alaikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Kibondo, wewe na wifi Mwanahawa na watoto, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa vumbi kiwe kimetulia. Sisi tunaendelea. Lukmani hajambo, yupo dukani kama kawaida. Tunu ameota meno ya mbele na sasa anasoma bila kufuatisha maneno kwa kidole. Mvua zimezidi, maharage ya majirani yameoza shambani kabla ya kuvunwa. Na mimi nipo, kaka. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu ndilo limenikalisha hapa niandike.

Ningekupigia, lakini simu zangu hupokei, na sikulaumu. Hata ungepokea nisingefika mbali. Nikianza kuzungumza jambo zito sauti inakatika, na kinachotoka baada ya hapo sikitawali. Kwenye karatasi naweza kuacha, nikapumzika, nikarudi. Ukiona mwandiko umebadilika katikati, ujue ni siku nyingine.

Habari ya kuumia kwangu unaijua juujuu, kwa sababu sisi wenyewe ndivyo tulivyowaeleza. Mwaka jana upepo wa mvua za kwanza uling'oa bati za kibaraza cha duka, na boriti ikaniangukia kichwani nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Tuliwaambia nimeshonwa na nimepona. Kumbe nilikaa hospitali siku kadhaa simjui hata mume wangu Lukmani. Nilidhani ni mteja, nikawa namwomba radhi kwamba sare za mtoto wake hazijaisha. Baadaye jeraha likafunga, nywele zikaota juu yake, watu wakaja na pole zao, nami nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha.

Ulianza kuondoka usingizi. Usiku nakodoa macho darini, nasikia kila mbwa wa mtaa mpaka namjua kwa sauti. Mchana usingizi unanikamata popote. Niliwahi kulala mguu ukiwa bado kwenye pedeli, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha mkono. Nililala jikoni, ugali ukaungua hadi moshi ukatoka dirishani. Lukmani akanikataza kuwasha jiko nikiwa peke yangu. Fikiria, kaka, mimi niliyekuwa nawaamsha nyote pale nyumbani kabla ya adhana, leo nasubiri mtu mzima arudi ndipo nichemshe chai.

Kisha ikaja hasira. Kijiko kikianguka, mlio wake unaniingia kichwani kama nimepigwa upya. Siku moja nilimrushia Tunu kikombe cha bati. Hakikumpata. Lakini tangu siku ile, akitoka shule husimama mlangoni kwanza, ananitazama usoni, ndipo aingie. Mtoto wa darasa la pili, kaka, anampima mama yake kabla ya kuvua viatu.

Na baada ya hasira, vilio na vicheko. Mteja akisema gauni limembana, nalia mpaka yeye ndiye anayenibembeleza. Lakini nikiletewa habari ya kuumiza hasa, nacheka. Jirani yetu Niyubahwe alikuja kunieleza kwamba mwanawe amelazwa, hali si nzuri. Nilicheka mbele yake. Nilimwona anarudi nyuma, ameshika mlango, na mimi siwezi kufunga mdomo. Moyoni nilikuwa nimeungua. Mtaani wakaanza kusema kwa Kiha kwamba Asmahani ni umusazi, kichaa, wala hawakujali kwamba nawasikia na nawaelewa.

Hapo ndipo Lukmani aliponipeleka kliniki. Kwenye foleni nilikaa na mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, jina lake Jeannette, amemleta mumewe Kalunga aliyeanguka kwenye lori. Kalunga analia kila akisikia redio, hata matangazo ya sabuni. Jeannette akaniambia kwa Kiswahili chao: "Dada, ile haiko wazimu. Ni kichwa njo iliguswa. Huyu wangu analiaka siku yote, na mimi namukaliaka tu pembeni." Nililia kwa maneno yale, na kwa mara ya kwanza kilio kilikuja mahali pake.

Daktari naye alitueleza vivyo hivyo kwa lugha yake. Alisema ubongo umeumia pale panapopanga usingizi, na pale panapozuia kucheka na kulia. Huzuni yangu ni huzuni kama ya mtu yeyote, ila ikifika njiani inatokea mlango usio wake. Hakuna jini, hakuna dharau. Amenipa dawa, na ameniagiza niamke wakati ule ule kila siku, nikae kwenye jua la asubuhi, nisilale mchana ila kidogo. Inasaidia kiasi. Nilipomuuliza kama yatakwisha, alisema wengine hupata nafuu kubwa na wengine hujifunza kuishi nayo. Hakuniahidi.

Sasa nifike kwenye siku ile ya msiba wa baba, maana najua umesoma yote haya ukiisubiri.

Njia nzima kutoka Kasulu Lukmani alinishika mkono. Niliomba nikae karibu na mlango wa uani, ili nikizidiwa nitoke. Lakini shangazi wakanivuta mbele, wakasema binti wa marehemu hakai nyuma. Mlipoingia kulibeba jeneza, na mama zetu wakapaza sauti, nikakisikia kicheko kinapanda kutoka tumboni. Niliuma kanga. Nilijifinya mapaja. Kikatoka. Wewe uliacha jeneza mikononi mwa wenzako, ukanijia, ukaniambia mbele ya wote: "Asmahani, baba anatoka nyumbani kwake na wewe unacheka? Ondoka. Usikanyage hapa tena." Nilitaka kukujibu. Nilipofungua mdomo kikatoka kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Basi nikaondoka, na baba akazikwa mimi nimekaa stendi nimejifunika uso.

Lipo jambo moja, kaka, ambalo hata Lukmani hajalisikia.

Baada ya Idi baba alikuja Kasulu. Alisema anapita tu, anakwenda kumwona rafiki yake kule Muyama. Hakwenda Muyama. Alikaa na mimi kwenye mkeka ndani ya duka, Lukmani akiwa ametoka, akaomba maji, akaniambia kwamba amepimwa, ini limeharibika, na madaktari wamemshauri arudi nyumbani akapumzike na watu wake. Mimi ndiye wa kwanza kati ya watoto wake kuambiwa. Na nilicheka, Ridhiwani. Nilimcheka baba usoni, nimejikunja, nimeshika mbavu.

Nilingoja anipige au aondoke. Unamjua alivyokuwa na heshima zake. Alivua kofia akaiweka chini, akangoja. Halafu akasema, "Cheka tu, mama. Machozi nayaona." Kweli yalikuwa yakinitiririka. Akanifuta kwa pindo la kanzu yake. Kisha naye akaanza kucheka, baba yetu aliyekuwa akicheka labda mara moja kwa mwaka, tukacheka wote wawili hadi wateja wakachungulia, na kutoka hapo tukalia sawasawa, kama watu.

Aliniomba nisikwambie. Alisema, "Ridhiwani akijua atanibeba mpaka Mwanza, mpaka Dar, na mimi nataka nife nikisikia kelele za soko la Kibondo." Halafu akasema, "Siku yangu ikifika, uje. Usiogope watu. Kicheko chako mimi nimeshakisikia, hakitanishtua."

Nilishika neno lake. Kama utanikasirikia kwa kukuficha ugonjwa wake, hasira hiyo naipokea, una haki nayo. Ungependa kumpigania, nami nilikunyima nafasi hiyo kwa sababu yeye aliniomba. Lakini hasira ya kicheko nakurudishia. Hiyo si yangu.

Arobaini inakaribia. Wifi Mwanahawa ameniambia mtasoma hitima nyumbani. Nitakuja na Lukmani na Tunu. Ukinikataza mlangoni nitakaa barabarani, nitasikiliza kutoka huko. Ila nakuomba, kaka, niruhusu niingie, nikae karibu na mlango wa uani, na mtu asinivute mbele. Huenda nikatulia mpaka dua ya mwisho. Huenda nikashindwa. Nikicheka usinitoe, na atakayeuliza, mwambie dada yako analia.

Nisalimie wifi, umwambie nashukuru kwa kutokuacha kunijulia hali. Wabusu watoto, na shangazi wote uwape salamu zangu, hata wale walionigeuzia mgongo. Lukmani anakusalimu. Tunu naye anauliza mjomba wake amekasirika mpaka lini, nami nimemwambia nitakuuliza.

Ni mimi dada yako,
Asmahani Hilali.